Kuchagua Printa ya Picha

Picha iliyomo ndani ya simu huonwa na watu wachache, na simu ikipotea, mara nyingi picha nayo hupotea. Lakini picha iliyopigwa chapa juu ya karatasi hutundikwa ukutani, na wajukuu huiona sura ya babu yao ambaye hawakuwahi kukutana naye. Kwa sababu hiyo watu wengi hutamani kuwa na printa nyumbani mwao. Walakini, mtu aingiaye dukani bila maarifa huitazama bei ya mashine peke yake, na bei hiyo yaweza kumpoteza.

Yafaa kwanza kujua jinsi printa ya wino ifanyavyo kazi. Katika kichwa chake mna matundu mengi, membamba kuliko unywele, na kila tundu hurusha matone ya wino juu ya karatasi. Matone ya printa nyingine ni madogo sana, hata mililita moja ya wino yatosha kufanya matone milioni 500. Printa nyingi za nyumbani za Canon na HP huupasha wino moto kwa ghafula, povu likatokea na kulisukuma tone nje. Zile za Epson zina kipande kidogo kipindacho kwa nguvu za umeme na kuukamua wino. Namna zote mbili zaweza kutoa picha nzuri.

Neno la kwanza la kuangaliwa ni wino. Printa nyingi zina rangi 4, yaani samawati, nyekundu ya zambarau, manjano na nyeusi. Zilizofanywa hasa kwa picha aghalabu huwa na rangi 6 au zaidi, zikiongezewa rangi hafifu au kijivu, ili ngozi ya uso na mawingu ya angani yaonekane laini. Tena wino ni wa aina mbili. Mmoja umeyeyuka kama sukari katika chai. Rangi zake hung'aa, lakini kwa kawaida hufifia upesi zaidi kwa mwanga na hewa. Wa pili una chembe ndogo zisizoyeyuka, nao kwa kawaida hudumu zaidi. Picha ya marehemu, isiyo na mwenziwe, yastahili wino huu wa pili, na kuwekwa nyuma ya kioo, mbali na jua.

Neno la pili ni karatasi. Karatasi ya daftari huunywa wino, ukasambaa, na picha ikatoka dhaifu. Sharti itumiwe karatasi ya picha, iliyopakwa tabaka la kuushika wino mahali pake.

Neno la tatu, nalo ndilo kubwa, ni hesabu. Printa rahisi aghalabu hutumia vibweta vidogo vya wino, viitwavyo katriji, ambavyo ni ghali. Mwaka 2010 Epson ilianza kuuza huko Indonesia printa zenye matangi ya kujazwa wino wa chupa. Mashine za namna hii huwa ghali zaidi, bali wino wake ni rahisi. Mathalani, printa moja iwe shilingi 150,000, na wino wa kila picha shilingi 1,000. Ya pili iwe shilingi 600,000, na wino wa kila picha shilingi 100. Tofauti ya bei ni shilingi 450,000, na tofauti ya wino ni shilingi 900. Shilingi 450,000 zikigawanywa kwa 900, jibu ni picha 500. Asiyefika picha 500 hupata nafuu kwa printa ya kwanza. Azipitaye hupata nafuu kwa ya pili.

Tena printa ikikaa majuma mengi bila kutumiwa, wino hukauka katika matundu yake, na kuyasafisha hula wino mwingine. Basi mwenye picha 20 tu kwa mwaka, heri azipeleke kwa mpiga picha wa mjini, azilipie moja moja, asinunue printa kabisa.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye busara, kabla hajatoa fedha, huandika mambo matatu: picha ni ngapi, ni za nini, na zidumu muda gani. Akiisha kuyajibu hayo, ndipo aende dukani.