Mtama wa Kijapani sio ule wa uchochoroni!

Kijana gani wa uswahilini hajui kupiga mtama? Unamvizia mwenzio, unamchota miguu, huyoo chini, watu mbavu hawana. Ndiyo maana mshikaji akiona judo kwenye video mara mbili tu anakwambia, "Aah, si mtama ule!" Mimi nambishia.

Chukua kosoto gake, kwa Kijapani ni kama kusema ndoano ndogo ya nje. Mkono wako wa kushoto unashika koti lake kwenye kiwiko cha kulia, wa kulia unakamata kola. Mguu wake huugusi kwanza. Unavuta kiwiko kwenda chini, kifua chako kinamsukuma kinyumenyume upande huohuo, mpaka uzito wote ukalie kisigino chake cha kulia. Hapo sasa mguu wako wa kushoto unapita kwa nje na kukinasa kisigino kwa nyuma. Endelea kusukuma. Atake kurudi nyuma, mguu umebanwa. Anakwenda!

Ukitanguliza mguu umekwisha. Unabaki umesimama kama korongo, na yeye ndiye atakayekubwaga. Wanaotegemea misuli ndio wanaobwagwa hivyo kila siku, sijui kwa nini hawachoki.

Ila kinachonitia hofu ni kisogo. Anayeangushwa hivi haoni anakokwenda. Japani kwenyewe, ambako Jigoro Kano alianzisha judo mwaka 1882, wanafunzi zaidi ya 100 walifariki kutokana na judo ya shuleni kati ya 1983 na 2011, wengi kwa kuumia kichwa. Sasa wewe unataka kumjaribia rafiki yako kwenye sakafu ya saruji?

Mwalimu anayejua kazi anakuanzisha na kuanguka: kidevu kifuani, mgongo mviringo, mkono unapiga mkeka. Siku kadhaa ni kuanguka tu. Inaboa, sikatai, lakini anayekurusha siku ya kwanza ili ufurahi, mkimbie. Nawe ukimwangusha mwenzio usiachie lile koti. Livute juu kidogo, kichwa kisigonge.

Halafu kuna kawazu gake, ya kuuzungushia mguu wako kwenye wa mwenzio kwa ndani na kujitupa naye kinyumenyume. Hiyo imepigwa marufuku mashindanoni maana goti linaweza kwenda na maji. Akikwambia mtu anataka kukufundisha, muage.