Leseni huria: Mwenye tovuti achague kwa makini

Taasisi nyingi huweka vijitabu vya kilimo kwenye tovuti zikidhani kila mtu anaruhusiwa kuvichapa upya. Sivyo. Bila leseni, sheria ya hakimiliki humtaka mtu aombe kibali kwanza.

Leseni za Creative Commons, zilizotolewa Desemba 2002, humwezesha mwenye tovuti kutoa ruhusa hiyo mapema. Lakini masharti ayapime. Akikataza mabadiliko, kijitabu cha Kiingereza kuhusu uhifadhi wa mahindi hakiwezi kusambazwa kwa Kiswahili. Akikataza biashara (na wengi hukimbilia hapo), mwenye duka la pembejeo hawezi kukichapa akiuze kwa faida, ilhali dukani ndiko mkulima anakofika kila msimu.

Mimi ningedai mwandishi atajwe tu. Ila ajue, aliyekwisha kupewa ruhusa hiyo hanyang'anywi.