Kabla ya kusema kifaa kimekufa

Juma hili napenda tuzungumzie ugonjwa unaowasumbua vijana wengi wenye studio ndogo za muziki mitaani. Kijana anajinyima, ananunua vipande vya kompyuta kimoja kimoja, na fundi anaviunganisha. Kisha anachomeka kisanduku cha kurekodia sauti alichonunua cha mtumba. Kimya! Fundi anatoa hukumu: "Hiki kimekufa." Kwaya iliyokwisha kutoa malipo ya awali inasubiri, naye kijana anakwenda kukopa ili anunue kingine.

Mimi nasema tusiwe wepesi wa kuzika. Mara nyingi kinachokosekana ni draiva, yaani programu ndogo inayokaa kati ya kifaa na kompyuta kama mkalimani. Mkalimani asipokuwepo, hakuna maelewano.

Kwanza, chomeka kifaa hicho kwenye kompyuta nyingine. Kikifanya kazi huko, ni kizima. Pili, rudi kwenye kompyuta yako, ufungue ukurasa uitwao Device Manager. Ukiona alama ya mshangao yenye rangi ya njano, huenda draiva haipo, imeharibika au imekataliwa.

Kwa nini ikataliwe? Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ni ya biti 64 tu, nayo haipokei draiva ya biti 32. Tena hudai draiva iwe na sahihi ya kidijitali. Basi kabla ya kutoa fedha yako kwa kifaa cha zamani, hakikisha mtengenezaji ametoa draiva inayokubaliana na Windows yako. Vipo pia vifaa vinavyotumia draiva iliyomo tayari ndani ya Windows. Hivyo havina usumbufu mwingi.

Kompyuta ya kuunganishwa ina mtihani wake. Ile ya kiwandani huja na draiva za vipande vyake. Hii ya fundi, mwenyewe utazitafuta. Anza na draiva za madabodi, kutoka kwa mtengenezaji wake. Chomeka kifaa kwenye tundu la USB la nyuma, lililo kwenye madabodi yenyewe, kwa sababu matundu ya mbele hupitia waya ambao huenda haukukazwa vizuri.

Je, sauti inatoka lakini inakatikakatika? Hapo tazama bafa. Kwa kipimo cha kawaida cha muziki, kompyuta huchukua sampuli 44,100 kila sekunde na kuzikusanya kwenye bafa kabla ya kuzishughulikia. Bafa ya sampuli 441 ni sawa na sehemu moja ya mia ya sekunde. Ikiwa ndogo mno, sauti hukatika. Ikiwa kubwa mno, mwimbaji hujisikia kwa kuchelewa. Iongeze kidogo kidogo mpaka mikwaruzo iishe.

Badilisha jambo moja kwa wakati, uliandike, ujaribu. Ukibadilisha matano kwa pamoja hutajua lipi limeponya. Na ujihadhari na programu za mitandaoni zinazoahidi kutibu draiva zote kwa mara moja. Nyingine huleta maradhi mapya.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Fundi akikuambia kifaa kimekufa, mwombe akuthibitishie kwenye kompyuta ya pili. Dakika kumi za subira zaweza kukuepusha na deni la miezi.