Korona na Nyumba Zetu (3): Usingizi wa Baba, Usingizi wa Mwana

Juma lililopita tulitazama jinsi kufungwa kwa hoteli za Pwani kulivyokata riziki za wazazi wengi. Leo tuingie ndani ya nyumba, tuone dhiki hiyo ilimfikiaje mtoto, na mtoto naye alimrudishia nini mzazi.

Jirani yangu mmoja, mhudumu wa hoteli huko Diani, alirudi nyumbani Machi 2020 na mkoba wa nguo. Aliambiwa angoje kuitwa. Chumba ni kimoja, watoto watatu, pazia ndilo linalotenga kitanda na jiko. Shule zilikuwa zimeshafungwa. Tarehe 27 ikaingia kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Haukupita muda, mtoto wa kati, wa miaka saba, akaanza tena kukojoa kitandani. Baba akamchapa. Usiku uliofuata akakojoa tena, kisha akawa anaogopa hata kufumba macho. Baba naye akawa anakesha akimsikiliza. Asubuhi wote wawili macho mekundu, na maneno makali yakitoka kabla chai haijachemka.

Wataalamu wanaujua mnyororo huu. Baada ya wakulima wa jimbo la Iowa, Marekani, kuelemewa na madeni miaka ya 1980, watafiti Rand Conger na Glen Elder walizifuatilia familia za huko. Walichokiona ni kwamba ukata humfikia mtoto kwa kupitia kwa mzazi: moyo wa mzazi hulemewa, wazazi huanza kugombana, malezi huwa ya ukali au ya kutojali, na hapo mtoto huathirika. Hata mtoto mchanga husoma uso. Katika miaka ya 1970 Edward Tronick aliwaomba kina mama wacheze na watoto wao, kisha wakae na uso usioonyesha hisia yoyote kwa dakika chache tu. Mtoto alitabasamu, akanyoosha mikono, akapiga kelele ili amrudishe mama. Aliposhindwa, aligeuza uso pembeni.

Lakini athari haishuki tu kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mtoto asiyelala humnyima mzazi usingizi, na mzazi asiyelala huwa karibu zaidi na sonona. Tena humwona mtoto mkorofi kama ushahidi kwamba yeye mwenyewe ameshindwa: kazi hana, na kulea nako hawezi. Siku za kawaida mnyororo huu hukatwa na watu wa nje: mwalimu, ustadhi wa madrasa, nyanya, shangazi wa nyumba ya pili. Janga liliwaondoa hao wote kwa mpigo. Shule za Kenya zilipofunguliwa Oktoba 12, 2020, ilikuwa kwa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne pekee. Mtoto wetu huyu alingoja hadi Januari 2021.

Shule zikiwa bado zimefungwa, mama alimpeleka mtoto zahanati, na mumewe akafuatana naye shingo upande. Muuguzi alisikiliza habari za mkojo, kisha akamgeukia baba: “Na wewe mwenyewe, unalalaje?” Mwanamume yule akainamisha kichwa, akalia. Nasisitiza swali hilo kwa sababu ni nadra kuulizwa. Tumezoea kumwandikia mtoto kadi yake na mzazi yake, kana kwamba hawalali chumba kimoja.

Walirudi na mambo mawili tu. Fimbo iwekwe kando, na kila jioni kabla ya kafyu baba na mwana waende bombani peke yao kuteka maji, mtoto na kidumu chake cha lita tano. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikuwa wakiwashauri wazazi jambo kama hilo mwaka huo huo wa 2020: kumtengea kila mtoto muda wake, hata dakika 20. Njiani, baba aliniambia, mtoto aliuliza kama hoteli imefungwa kwa sababu yake.

Mwezi wa Agosti shuka zilikuwa kavu. Hoteli ilikuwa bado haijapiga simu.

Itaendelea juma lijalo.