Je, Wajua? Upapi Ndio Unaonyoosha Mlango

Upapi ni kipande chembamba cha mbao kinachogongomewa juu ya mbao nyingine ili zisipinde. Mjini Kindu, kando ya Mto Lualaba, hewa ina unyevu mwingi. Mbao huunywa zikavimba kwa upana, ilhali urefu haubadiliki sana. Ndiyo maana papi za mlango hulazwa kukingama mbao zake. Upapi wa mshazari ndio unaohitaji fundi makini hasa: mguu wake huanzia chini, upande wa bawaba. Ukigeuzwa, mlango hulegea na kuburuza sakafuni. Papi hutumika pia kwenye paa, ambako hupigiliwa mabati.