Mahakama na Polisi Chini ya Paa Moja: Milango Iwe Mingapi?

Ndugu msomaji, chukua mfano wa mama wa Kunduchi aliyepigwa na mumewe. Aanzie wapi? Kwanza kituo cha polisi, kisha hospitali na fomu yake ya PF3, kisha ofisi ya ustawi wa jamii, na hatimaye mahakamani. Kila mlango una nauli yake, na kila safari ni siku ya kibarua iliyopotea. Wengi huchoka njiani, wakarudi nyumbani na kunyamaza.

Kwa hiyo, fikra ya kuweka huduma za haki mahali pamoja si anasa. Oktoba 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Vituo Jumuishi sita vya Utoaji Haki: Kinondoni na Temeke hapa Dar es Salaam, na vingine Arusha, Dodoma, Morogoro na Mwanza. Humo ngazi mbalimbali za mahakama, toka ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, zimekusanywa katika jengo moja, na wadau kama polisi, waendesha mashtaka na maofisa ustawi wa jamii wakapewa nafasi. Kituo cha Temeke kimetengwa kwa mashauri ya familia, kama vile mirathi, talaka na malezi ya watoto.

Lakini paa moja lisiwe na maana ya mlango mmoja. Msanifu wa jengo la namna hii hana budi kuchora njia tatu zisizokutana: ya umma, ya mahakimu, na ya washtakiwa watokao chumba cha mahabusu kwenda kizimbani. Zikichanganyika, yule mama atakabiliana ukumbini na mumewe, pengine na mashemeji pia, na ushahidi utakufa kabla ya kutolewa. Dawati la Jinsia na Watoto nalo likae mbali na kaunta inayosikiwa na kila mtu. Sheria ya Mtoto ya 2009 iliunda Mahakama ya Watoto, ambayo husikiliza mashauri faraghani. Faragha hiyo yafaa nini ikiwa mtoto amepitishwa mbele ya umati?

Lipo jambo zito zaidi. Polisi hukamata na kupeleleza; mahakama huamua. Ibara ya 107B ya Katiba ya 1977 inazitaka mahakama ziwe huru. Mwananchi akiwaona hakimu na askari mpelelezi wakitumia mlango mmoja na ukumbi mmoja wa chai, ataamini kwamba kesi imekwisha kabla haijaanza. Uhuru wa mahakama sharti uonekane hata katika kuta zake.

Basi, ndugu msomaji, jengo kama hilo likipangwa mtaani kwako, uliza mapema: shahidi atangojea wapi? Mama atamnyonyeshea wapi mwanawe? Mlemavu atafikaje ghorofani? Kusahihisha ramani ni kazi ya kalamu na kifutio. Zege likishakauka, kusahihisha ni kubomoa.