Joto la Hewa Katika Injini ya Tabo

Wiki iliyopita tulijifunza kusoma namba za kipimajoto. Leo tutazitia kazini, maana miongoni mwenu wamo madereva, matanboi na wenye motokaa.

Kwanza twaeni pampu ya baiskeli. Zibeni tundu lake kwa kidole, mpampu kwa nguvu mara ishirini, kisha mshike upande wa chini. Pana moto, sivyo? Msuguano wa ndani huongeza kidogo, lakini sababu kubwa ni kwamba hewa ikibanwa hupata joto.

Tabo ni pampu ya namna hiyo hiyo. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliandikisha haki ya ubunifu wake mwaka 1905. Moshi utokao katika injini huzungusha gurudumu dogo. Hilo huzungusha la pili, na la pili huibana hewa na kuisukuma ndani ya injini. Hewa ya digrii 25 ikibanwa hata mgandamizo wake ukawa mara mbili, hutoka katika tabo ikiwa na digrii zaidi ya 100. Maji yangechemka! Na hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo injini hupata hewa kidogo. Ndiyo maana gari nyingi zina rejeta ya hewa, mbali na ile ya maji. Hewa ikipozwa kutoka digrii 118 mpaka 50, injini hupata hewa zaidi kwa uzito, kiasi cha moja ya tano.

Sasa tuje nyumbani. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya bahari, na Kasulu ni zaidi ya mita 1,200. Huku juu hewa ni nyepesi. Tabo hulazimika kuibana zaidi ili itoshe, na joto huzidi. Gari litokalo Kigoma na mzigo hupandisha mlima huku likifanya kazi mbili kwa pamoja.

Hewa hupimwa na kipimajoto kidogo cha umeme ambacho mafundi hukiita sensa. Joto likipanda, ukinzani wake wa umeme hushuka. Sensa nyingi zina omu kama 2,500 kwa digrii 20, na 300 hivi kwa digrii 80, ingawa kila kampuni ina jedwali lake. Muulize fundi: sensa hii iko wapi? Iliyo karibu na chujio la hewa hupima hewa ya nje tu, wala haijui tabo imefanya nini. Iliyo baada ya rejeta ya hewa ndiyo isemayo hewa inayoingia kwenye injini. Gari nyingine zina zote mbili, na hapo ndipo watu huchanganya namba.

Mimi mwenyewe niliwahi kulipia sensa mpya kwa sababu gari lilikosa nguvu mlimani. Sensa ya zamani ilikuwa nzima. Rejeta ya hewa ilikuwa imezibwa na tope la barabarani, basi! Fedha zangu zilikwenda, na mlima ukabaki vile vile. Wengine hupata hasara kubwa zaidi: injini ya petroli ikivuta hewa ya moto mno huanza kugonga, na pistoni yaweza kuharibika.

Jaribio ni hili. Gari lilale usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuliwasha, tundikeni kipimajoto cha kawaida kivulini karibu nalo, kisha fundi asome sensa kwa mashine yake. Namba hizo zisipishane sana. Na sensa ya maji ya rejeta nayo ikaribiane nazo. Zikipishana mno, sensa au waya wake una kasoro. Msipime mara baada ya kusimama na injini ya moto. Chuma huipasha sensa, nayo husema joto la chuma badala ya joto la hewa. Endesheni kwanza dakika chache mahali tambarare, msome, kisha msome tena kileleni mwa mlima, mtu mwingine akiandika, si dereva.

Andikeni namba tatu: ya kivulini, ya tambarare na ya kileleni. Ya tatu ikizidi sana ya pili, osheni rejeta ya hewa kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, mpime upya. Mje nazo darasani Jumatano.